Taa Niliyoizamisha Darini

Mwanangu, sogea karibu na jiko, baridi hii ya Ufipa haina adabu. Nakumbuka siku moja, mvua za kwanza zimeanguka, enzi za Mwingereza. Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni na kitambaa kibichi mapajani. Akakifunua, akakitazama, akakifunika tena. Ndani mlikuwa na mbegu za ulezi alizozilowesha siku kadhaa ili azijaribu kabla ya kupanda. Hakuna hata moja iliyochipua.

Lakini ngoja, nimeanzia mwisho. Uzee huo.

Nilikuwa kijana, nimerudi kutoka Mbeya nilikojifunza useremala, na kichwa kimenivimba. Kule, kwenye nyumba ya Mzungu mmoja, niliona taa zimezamishwa darini: taa yenyewe huioni, unaona mwanga tu. Nikasema, lo, na Sumbawanga nao waone! Basi nikamjengea mama, aliyekuwa mjane, nyumba mpya Katandala. Sebuleni nikapiga dari ya matete, nikatoboa tundu, nikatia sanduku la bati la debe, na ndani yake nikaning'iniza karabai, ile taa ya mafuta ya kupiga pampu. Pembeni mwa tundu pakawa panapita baridi. Nikafanya nini? Nikashindilia makapi ya ulezi kuzunguka bati lote na juu yake, mpaka pasipite hata pumzi. Nikajiona bingwa.

Majirani walikuja kushangaa. Kusema kweli mwanga ulikuwa hafifu, nusu yake iliishia ndani ya bati, nami nikazidi kupiga pampu na mafuta yakawa yanaisha upesi. Mama akacheka. "Mwanangu, unawaangazia panya." Nilinuna siku mbili.

Sasa, mama alitunza mbegu yake juu ya jiko kama bibi zake walivyofanya, ili moshi ufukuze wadudu. Nikamwambia, "Mama, acha mambo ya kizamani. Dari yangu ni kavu na ina joto, weka huku." Alisita. Lakini mwanawe ametoka Mbeya, angebishana naye vipi? Akanipa makapu yake mawili, mbegu yote aliyokuwa nayo, nikayapanga juu ya makapi, palepale juu ya taa.

Moto haukuzuka, mwanangu. Hata moshi hatukuuona. Ila siku ile ya kitambaa nilipanda darini nikafukua. Makapi yaliyogusa bati yalikuwa meusi kama kahawa iliyokaangwa, nikiyashika yanageuka unga. Wiki zote zile tulikuwa tukila na kucheka chini ya kitu kilichobakiza kidogo tu kiwake. Na mbegu ilikuwa na rangi yake nzuri, ukiitazama huoni kasoro, kumbe joto limekwisha kuiua.

Mama hakunigombeza. Aliuliza tu, "Joto la jiko langu lina njia ya kutokea. Hili lako ulilipa njia gani?"

Ikabidi tupande lori twende Chala kuomba mbegu kwa dada yake, mama yangu mkubwa. Na huku kwetu, mwanamke akikosa mbegu ya ulezi wakati wa kupanda, watu wanajua moja tu: ameipika pombe. Mama mkubwa akaangua kicheko mbele ya wakwe zake. "Kumbe mdogo wangu umeinywa mbegu!" Mama akainamisha kichwa, akangoja. Alikuwa ananingoja mimi niseme. Nami, fundi wa Mbeya, nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Tukiwa njiani kurudi, kikapu cha mbegu ya kuomba kipo mapajani mwake, akaniambia taratibu, "Mbegu nimekusamehe. Lakini umeniacha niitwe mlevi ili wewe uendelee kuitwa fundi." Ee Mungu wangu! Siku tatu baadaye nilirudi Chala peke yangu, nikasema ukweli mbele ya wakwe wale wale. Walinicheka, na haki yao. Mama alizikwa miaka mingi iliyopita, na neno lile linaniuma mpaka leo. Majuto ni mjukuu.

Ndiyo maana juzi, nilipochungulia dari ya nyumba yako kule Kizwite nikakuta umezifukia taa kwa sponji za magodoro ya zamani, nilisema palepale, mbele ya fundi wako. Ulinuna. Nuna tu. Chumba kile atalala mtoto.

Basi sikia. Toa sponji zile zote. Taa iliyozama darini hupeleka joto lake juu, usikokuona; iachie nafasi, isiguse mbao wala kitu chochote kinachoshika moto. Kama unataka kuzuia baridi, nunua taa zilizotengenezwa kufunikwa na kuandikwa hivyo, na nyufa za pembeni zizibwe kwa kitu kisichoungua. Zile balbu zinazounguza vidole achana nazo, weka za LED, zinakula umeme kidogo na joto lake si kali, ingawa nazo zinataka hewa. Usitie balbu kubwa kuliko taa inavyoruhusu. Ukisikia harufu ya kuungua, ukaona dari inageuka rangi, au taa inazima na kuwaka yenyewe, zima swichi kuu umwite fundi umeme anayeijua kazi. Kuuliza si ujinga, ujinga ni ule wangu wa kushindilia makapi. Na siku utakapokosea, maana utakosea, sema mwenyewe kabla mwingine hajabebeshwa aibu yako.

Mungu akujalie nyumba yenye mwanga, watoto wako waamke salama kila asubuhi, na mkono wako usiharibu ulichokabidhiwa. Radhi zangu zote unazo. Nenda sasa, na uanze na taa ya chumba cha mtoto.