Waridi, Mpishi Asiyeonja

Kariakoo haijapata kukosa wapishi. Walikuwapo wa pilau, walikuwapo wa bokoboko, na walikuwapo wa mdomo tu, ambao ukila chakula chao unajuta kwa nini ulitoka kwako. Lakini nitajieni mpishi mmoja aliyepika biriani la kulisha mtaa mzima bila kutia punje kinywani. Hamna. Ni Waridi binti Zahoro peke yake, wa Mtaa wa Narung'ombe, zama za Mwingereza, kabla vita vya Hitla havijaja.

Msidhani alikuwa anaringa. Tangu usichana wake tumbo la Waridi lilikuwa na mambo yake. Akila maharage linajaa upepo hata kanga haifungiki. Akila cha kukaanga linamsokota mpaka anakumbatia nguzo ya uwani. Majirani wakasema ni chango, wengine wakasema ni jicho la watu, na wale wasio na haya wakasema anadeka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mumewe Mrisho, hamali wa bandarini, mtu mpole mwenye mabega kama mlango, alimpeleka kwa kila aliyetajwa. Alikunywa mizizi, akanywa makombe ya aya zilizoandikwa sahanini na kuoshwa, akanywa na unga mweupe wa hospitali. Kila dawa ilimpa nafuu ya siku chache, kisha tumbo likarudi kule kule.

Mwisho Waridi akachoka kuwauliza watu, akaanza kuliuliza tumbo lenyewe. Akaacha vyote akabaki na ubwabwa, wali wa kuponda wanaolishwa watoto, mpaka tumbo likanyamaza. Hapo ndipo akaanza kubisha hodi kwa kitu kimoja kimoja. Samaki changu wa kuchemsha akakaribishwa. Ndizi za kuchemsha zikakaribishwa. Tui zito likafukuzwa usiku ule ule, tui la mwisho, lile jepesi, likaruhusiwa. Kahawa ilifukuzwa na matusi juu. Lakini lililomshangaza Waridi ni jingine: ubwabwa ule ule, akiula kwa hasira au akiula amesimama, ulimtesa kama pilipili. Basi akajifunza kuketi. Akajifunza kutafuna, kula kabla ya Magharibi, na kushuka na Mrisho taratibu hadi Mnazi Mmoja na kurudi ndipo alale. Akigombana na mtu, hali kitu mpaka moyo utulie.

Jioni moja aliketi kizingitini akajipapasa tumbo, akakuta kimya. Hakuna kinachosokota, hakuna kinachonguruma. Aliogopa, wallahi, aliogopa kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wengi akakuta hamna mtu. Kisha akalia. Kumbe ndani ya mwili wake mlikuwa na mwenzake aliyekuwa akisema naye miaka yote, na yeye hakuwa akimsikiliza. Subhanallah! Mimi kila nikilifikiria hilo, nywele hunisimama.

Kazi ya kupika karamu aliirithi kwa mama yake, na hakuiacha. Ataonjaje, na samli ni adui yake? Alipika kwa pua. Alikuwa akifunua sufuria kidogo, anainamia mvuke, anafumba macho, kisha anasema chumvi kidogo, au iliki imezidi, na ukionja unakuta kweli. Walipomuuliza chumvi ina harufu gani, alijibu kwamba chumvi haina harufu, ila wali usio na chumvi hunuka maji. Wapishi wenzake walikwenda kwao wakanusa masufuria yao mpaka pua zikaungua, wasiambulie kitu.

Sasa, desturi ya pwani mnaijua. Anayekukaribisha chakula huonja kwanza mbele yako, akatoa sumu, ndipo nawe ukanyoosha mkono. Mitaani kwao Waridi hakupata shida, maana watu walimjua, na mwenye shughuli ndiye aliyetoa sumu. Shida ilimkuta kwa Bi Fakhriya.

Bi Fakhriya alikuwa mke wa mwenye duka la nguo, Mwarabu wa watu, mwanamke wa heshima zake na sauti yake. Alikuwa anamwoza binti yake Azza, na mashangazi wa bwana harusi walikuja kutoka Unguja, hawamjui Waridi wala Narung'ombe yenyewe. Adhuhuri, biriani likiwa limeshapakuliwa kwenye masinia, shangazi mmoja alitoka uwani kunawa. Akamkuta mpishi ameketi pembeni na kijisufuria chake, anakula ubwabwa mweupe peke yake. Shangazi akarudi ndani akanong'ona. Ala, mpishi gani huyu hali alichopika? Minong'ono ikazunguka ukumbini, na masinia yakakaa. Mvuke ukaisha, nyama ikaanza kuganda samli, na hakuna mkono ulionyooshwa. Bi Fakhriya alionja yeye mwenyewe mbele yao, lakini mashangazi wakasema mama wa nyumba anaweza kuwa hajui kilichofanywa jikoni. Wanamtaka mpishi.

Hebu jitieni mahali pa mama yule. Chakula kikirudi jikoni kizima, Azza ataingia kwa wakwe na jina la nyumba yenye sumu, na jina hilo halifuliki kwa sabuni. Bi Fakhriya akatoka uwani, uso umemwiva.

"Mpishi," alisema, "njoo ndani utoe sumu."

Waridi alimweleza habari ya tumbo lake, kwa upole, neno kwa neno. Bi Fakhriya hakuamini. Nani amewahi kusikia mpishi wa biriani asiyeweza biriani? Akamwambia kama ana la kuficha aseme sasa. Hapo Waridi akajua hana pa kutokea. Akikataa, Azza ameharibikiwa, na yeye hatapika tena mji huu. Akikubali, anajua vizuri kinachomngoja, maana hakuna aliyelijua tumbo lile kama yeye.

Aliingia. Akanawa, akaketi chini, akasema Bismillahi. Akamega tonge mbele ya macho yale yote, akatafuna taratibu kama alivyojizoeza. Shangazi akasema, na nyama. Akala nyama, yenye samli yake na pilipili yake. Hakukunja uso. Akatulia kidogo wamwone, kisha akawakaribisha kwa adabu, akatoka. Masinia yalirudi hayana hata ukoko, na mashangazi waliomba mengine. Mimi nimeona mashujaa wakipigiwa ngoma kwa madogo kuliko hilo.

Siku ya pili Bi Fakhriya alijitanda buibui akaenda Narung'ombe mwenyewe, na sinia lililofunikwa kawa, fungu la mpishi. Mrisho alimpisha mlangoni. Ndani alimkuta Waridi kwenye mkeka, amejikunja, midomo imemkauka, amelishika tumbo kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Harufu ya biriani ilipomfikia alitapika, na hakuwa na cha kutapika. Bi Fakhriya akasimama na sinia lake mkononi. Aliona haya, haya za kweli, zile zinazomfanya mtu mzima atamani kuwa mdogo. Na kwa mara ya kwanza akaona ukubwa wa kile kilichofanyika ukumbini kwake: mwanamke huyu aliyajua haya yote, akatafuna taratibu, akawaambia karibuni.

Sinia akampa Mrisho alitoe nje. Akamwuliza bwana huyo mkewe hula nini anapoumwa, kisha yule bibi wa duka, mwenye watumishi wake, akachutama uwani kwa watu akapuliza moto. Akauchemsha mchele ukavunjika, akauponda, akautia bakulini. Akarudi akapiga magoti kando ya mkeka.

Waridi hakufumbua macho. Mvuke ulimpita usoni.

"Bi Fakhriya," alisema, na sauti haikuzidi pumzi, "ubwabwa unanuka maji."

Bi Fakhriya akaonja. Kweli, alisahau chumvi. Mwili ukamsisimka kuanzia kisogoni, kwa maana mgonjwa hakuinua hata kichwa. Akatoka, akatia chumvi, akarudi. Safari hii alisubiri mpaka Waridi akafumbua macho. Akachota kijiko, akala mbele yake, akameza.

"Nimetoa sumu, shoga yangu," alisema. "Kula."

Waridi akaomba aketishwe kwanza. Mrisho akaja akamwegemeza ukutani, nao wakamngoja avute pumzi mpaka akatulia. Kisha akalipokea bakuli kwa mikono miwili.