Sauti ya Mushagalusa

Eulalie alikuwa na kazi ambayo majirani zake wa Kadutu hawakuielewa vizuri. Kutwa nzima alikaa mbele ya redio ya kaseti, akisikiliza wazee na kuandika maneno yao. Taasisi iliyomwajiri ilikuwa na nyumba ya matofali kule Nguba. Watafiti wake walichunguza mila, sheria za ardhi na maisha ya jimbo. Mawakili wake waliwasimamia wasiokuwa na mtu wa kuwasemea. Zamani watafiti hao walizunguka vijijini wakirekodi desturi za mashamba, na wengi wa wazee waliorekodiwa walikuwa wamekwisha kufa. Eulalie, mwenye miaka hamsini na miwili, ndiye peke yake pale aliyeijua kwa undani Mashi, lugha ya wazee hao, akaweza kuitafsiri bila kuipunguza.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, wakili wa taasisi, maître Jacques, alimletea kaseti iliyotoka Kavumu. Jacques alikuwa Murega, mtu wa kabila lingine, kutoka Kamituga. Kwa Mashi alijua kusalimia tu.

"Maman Eulalie, hii iko ya haraka," alisema. "Siku ya ine tuko na audiansi mbele ya jaji. Kuko mama mujane, Monique, banataka kumutoa mu shamba. Banasema bwana yake aliazimwa tu. Muzee moja wa kule alieleza hii mambo zamani."

Eulalie akabonyeza. Mkwaruzo, jogoo, kisha kikohozi. Kabla mzee hajataja jina lake, kalamu ilikuwa imesimama. Kikohozi kile alikisikia utoto wake wote nyuma ya ukuta.

"Mimi ni Mushagalusa," sauti ilisema.

Alikuwa baba yake, aliyezikwa miaka kumi na tisa iliyopita.

Mzee alisimulia bila haraka. Shamba la chini ya chemchemi alikuwa amempa Théodore, mume wa Monique. Théodore alileta mbuzi, wakanywa pombe ya ndizi mbele ya majirani wawili. "Ni kalinzi," alisema. Kwa desturi ya Bushi, nchi ya wasemao Mashi, kalinzi ni ardhi iliyotolewa moja kwa moja. Hairudi, watoto huirithi. Ingekuwa bwasa, basi ni ya kuazima, na mwenyewe huichukua mavuno yakiisha. Kesi nzima ilisimama juu ya neno hilo moja.

Na aliyeliuza shamba hilo alikuwa Christophe, mdogo wake Eulalie, tumbo moja. Alimuuzia mfanyabiashara wa mjini aliyetaka kujenga depo kando ya barabara ya Goma. Alikuwa amemwambia dada yake kwamba ni urithi wao. Mabati mapya ya nyumba ya Eulalie yalinunuliwa kwa fedha ya mauzo hayo.

Jacques alikuwa ametangaza kaseti hiyo kwa upande wa pili, jinsi sheria inavyotaka. Kwa hiyo kesho yake, saa sita mchana, Christophe aliingia ofisini bila kubisha.

"Yaya," alisema, akimwita dada mkubwa, "banasema muko na sauti ya papa."

"Iko hapa."

"Alisema nini?"

"Kalinzi."

Christophe aliusukuma mlango nyuma yake mpaka ukafunga. "Nani mwingine anasikia Mashi hapa?"

Eulalie aliivuta redio karibu naye.

"Ni neno moja tu, yaya. Uandike bwasa. Huyu mutu nilimuuzia hachekake na batu. Alishaniambia: shamba ikipotea, yeye anajua kwangu. Na mama iko kwangu. Unataka bamukute mule mu nyumba?"

"Na Monique aende wapi?"

"Monique si mama yako."

Alipoondoka, Eulalie aliketi mbele ya mashine ya kuandikia, akaandika. Alipofika penye neno lile, vidole vyake viliandika bwasa. Akalitazama neno. Lilikaa vizuri tu. Sentensi haikuyumba, na hakuna ambaye angeuliza. Akaiwasha tena kaseti, akamsikia baba yake akikohoa, akilitamka neno lake polepole kama mtu anayejua kwamba anaandikwa. Eulalie akafuta, akaandika kalinzi, kisha akainuka kabla moyo haujamgeuka, akaenda kwa Jacques na kumweleza yote: baba, ndugu, mabati.

Jacques alimsogezea kiti. "Unaweza kukataa. Tutatafuta mutu mwingine wa kutafsiri."

"Mutamupata mbele ya siku ya ine?"

"Hapana."

"Basi nitakuja. Lakini kwanza nimutoe mama."

Jumatano alipanda gari la Kavumu, akamkuta mama yake, Micheline, akichambua maharagwe. Christophe hakuwepo.

"Kuko nini?" mama aliuliza.

"Kuko maneno. Nitakuambia tukifika kwangu."

Mama alifunga kitenge chake, akamfuata bila kuuliza la pili.

Alhamisi chumba cha mahakama kilijaa. Mnunuzi alikaa mstari wa mbele akizungusha funguo kwenye kidole. Monique alikaa karibu na ukuta, viatu mkononi, kwa sababu ya matope. Kaseti ikachezwa, mkwaruzo ukimeza nusu ya maneno kwa masikio yasiyoizoea, na Eulalie akatafsiri sentensi baada ya sentensi. Wakili wa mnunuzi akasimama.

"Maman, ule muuzaji ni ndugu yako?"

"Ni ndugu yangu."

"Na uko unamusaliti mbele ya batu?"

"Niko natafsiri, maître."

Jaji akamwinamia. "Rudia neno la mwisho. Ni bwasa ao kalinzi?"

Christophe alikuwa akimtazama, akitikisa kichwa kidogo sana, kama wanavyofanya watoto wasiotaka mkubwa aseme. Funguo za mnunuzi zilikuwa zimeacha kulia.

"Kalinzi," alisema.

Hukumu ilitoka baada ya majuma matano: mauzo yalivunjwa, Monique akabaki shambani. Katika majuma hayo watu wawili wenye pikipiki walikuja siku tatu mfululizo kusimama mbele ya nyumba ya Eulalie, injini ikiunguruma, wasiseme kitu. Siku ya tatu majirani walitoka, mmoja mmoja, wakasimama mbele yao barabarani, wanawake na vibuyu vyao vya maji, mafundi na nyundo zao. Pikipiki hazikurudi. Lakini mpaka leo Eulalie husikia kila injini inayopunguza mwendo.

Christophe, akimkwepa mnunuzi, alikimbilia Kamituga, kuchimba dhahabu. Miezi ilipita bila neno, hata kwa mama yake. Mwezi wa nane simu iliita, namba isiyojulikana.

"Mama anameza dawa yake ya mutima?" aliuliza.

"Anameza. Asubuhi na magaribi."

"Iko vizuri."

Eulalie alisubiri. Alisikia watu wakiponda mawe kwa mbali, na pumzi ya ndugu yake. Kisha simu ikakatika. Akaenda kumwambia mama kwamba mtoto ni mzima.