Kunawa na Kunyamaza

Nilikuwa nesi mwenye mdomo, sikatai. Miaka hiyo ya sabini nilifanya kazi wodi ya wazazi mjini Iringa, na sauti yangu ilisikika hadi getini. Siku nilipomfokea mama mwenye uchungu mbele ya mumewe, metroni aliniita ofisini.

"Utakwenda semina Mbeya wiki nzima, wanafundisha manesi kutuliza akili. Ukirudi, nikisikia umefoka mara moja tu, nakuhamishia stoo ya mashuka."

Niliogopa kweli. Kuzalisha ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, na mashuka hayazaliwi yakilia.

Kule Mbeya mwalimu wetu, nesi mstaafu, alituambia tufumbe macho na tupumue taratibu. Tukalala wote, fofofo, wengine wakikoroma. Alituacha hadi chai ya saa nne, kisha akasema, "Mmeona? Mmechoka. Uchovu ndio unaofoka." Nikalia mbele za watu. Somo la pili lilinichekesha kwa udogo wake: kabla ya kumwendea mgonjwa, nawa hadi viwikoni, na maji yakitiririka usiseme neno.

Nilikuwa na wiki mbili tu tangu nirudi alipoletwa binti kutoka Idodi, mimba ya kwanza, uchungu unamjia bila kupumzika. Mkwewe, bibi wa Kihehe, alisimama kati yangu na kitanda. Uchungu wa namna ile mara nyingi huletwa na dawa za kienyeji, nikamuuliza bibi binti kanywa dawa gani. Akamfunika binti shuka. Nikauliza tena, akageuza uso. Damu ikanichemka, na metroni yuko mlangoni, kakunja mikono, ananitazama.

Nikaenda kwenye sinki. Maji yalikuwa ya baridi mpaka kwenye mfupa. Sijafika viwikoni, nikaona kosa langu. Sikuwa nimemsalimia! Mimi Mnyakyusa, mwaka wa tatu kwa Wahehe, nilikuwa nawahoji watu wazima kama polisi. Hata kwetu nisingethubutu. Niliona aibu.

Nikarudi, nikapiga goti, nikamsalimia kwa Kihehe. "Kamwene, bibi."

"Kamwene."

Nikamuuliza habari za nyumbani, za mvua, za mahindi, naye akaniuliza za kwetu. Hatukumaliza hata dakika mbili. Ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Nilimpa mizizi alfajiri, mwanangu, mtoto atoke haraka. Niliogopa utanigombeza."

Nikamkimbilia daktari, nikamweleza, naye akajua la kufanya. Kabla ya adhuhuri mtoto wa kike alilia, bibi akapiga kigelegele, wodi nzima ikaitikia. Metroni akanisogelea.

"Kesho zamu yako ni hapa hapa," akasema, akaenda zake.

Kwa kawaida tulibadili nguo kabla ya kutoka kazini. Siku ile sikubadili. Nilitembea hadi mtaa wa Mlandege na gauni langu jeupe, kofia kichwani, nikapita katikati ya watu makusudi, wamwone mkunga.