Mennana na Mkono wa Shama

Kila asubuhi majira yale ya baridi, baada ya sala ya alfajiri, Lalla Mennana alitia mafuta ya zeituni katika bilauri ya chai, akaiweka bilauri ndani ya bakuli la maji ya moto, kisha akajaribu joto la mafuta kwa kuyapaka nyuma ya sikio lake. Hakutumia kiganja. Miaka ishirini na miwili ya kukanda wanawake hamamuni, katika mvuke na maji ya moto, ilikuwa imeviua viganja vyake. Havikujua tena kipi cha moto na kipi cha vuguvugu. Sikio likiridhika, alimwita bintiye, Shama, aketi juu ya godoro, akaanza kumfungua mkono wa kulia kuanzia kidole cha mwisho.

Ulikuwa umejikunja kama mguu wa kuku aliyechinjwa. Kifundo kimeinama, vidole vimezama kiganjani, kigasha kimekonda na kukakamaa. Shama alikuwa na miaka kumi na saba. Kabla mkono haujaharibika alikuwa akishona vifungo vya hariri vya majuba, kazi ya nusu ya wanawake wa mji wetu wa Sefrou, na vifungo vyake vilikuwa vidogo na vigumu kama punje za dengu. Nyumba yetu na yao ni moja, sisi juu, wao chini, ua mmoja. Kila asubuhi nilisikia pumzi zake kupitia mbao za sakafu. Hakuwa akilia. Alikuwa akivuta hewa kwa meno.

Mwisho wa Ramadhani iliyopita alipanda ngazi ya paa kuondoa mazulia yaliyoanikwa, ngazi ikateleza, akaangukia mkono. Hakuna aliyefikiria hospitali. Baba yake Lalla Mennana, marehemu Mouloud, alikuwa muunga mifupa wa milimani, mtu wa kuletewa wagonjwa juu ya nyumbu kutoka mwendo wa siku mbili, na kwetu husemwa kwamba mkono wa muunga mifupa hurithiwa kama rangi ya macho. Mennana aliuvuta mfupa, akaunyoosha, akaupaka mkono unga uliokorogwa na ute wa yai, akauzungushia vibanzi vya matete na kitambaa, akakaza. Majirani walisimama mlangoni wakitazama. Mama yangu alisema, "Mouloud hajafa."

Kitambaa kilichoshiba ute wa yai hukaza zaidi kinapokauka. Shama alisema vidole vimekuwa baridi. Akasema vinachoma. Baadaye akasema havisikii kitu. Siku ya sita, vibanzi vilipofunguliwa, kucha zake zilikuwa na rangi ya zambarau.

Daktari wa mifupa kule Fez, tulipompeleka hatimaye, aliniambia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeitwa nikasome karatasi za Kifaransa, kwamba nyama ya kigasha ilikosa damu na sehemu yake imekufa. Hakupaza sauti. Alisema anaweza kuhamisha kano zilizo hai zifanye kazi ya zile zilizokufa, lakini kano mpya haziwezi kufungua kiungo kilichoganda. "Mkandeni kila siku, mnyoosheni. Mkija mwezi wa kwanza, nikiweza kuvifungua vidole kwa mkono wangu, nitapasua. Vikiwa vimekauka, sitakuwa na la kufanya."

Nilimfasiria Lalla Mennana. Alinitaka nirudie. Niliporudia, uso wake ulipata nuru iliyonitisha. "Kukanda?" alisema. "Basi kazi hiyo imemfikia mwenyewe."

Kila Alhamisi nilikuwa nikienda hamamuni alikofanya kazi, kama wanawake wote wa mtaa. Huko alikuwa mtu mwingine: amefunga shuka kiunoni, nywele ndani ya kitambaa cheupe, anaburuta ndoo kwa mguu, anamgeuza mwanamke mzima kwa kumshika bega moja tu.

"Wee Mennana, unanikanda au unafua zulia?" aliuliza Alhamisi moja Hajja Yamna, mke wa mwenye kinu cha unga.

"Zulia halisemi sana, Hajja. Geuka."

"Nigeukie wapi, na sakafu yote nimeijaza mimi?"

Wanawake walicheka, mvuke ukacheka nao. Mennana akampandia mgongo kwa magoti mawili, akamvuta mikono nyuma mpaka mifupa ikalia. Hajja akapiga ukelele. "Vumilia," Mennana akasema, "maumivu yanatoka, hayaingii." Ndivyo alivyomwambia kila mtu, na kila mtu aliinuka pale mwepesi, akiwaombea mema wazee wa Mennana waliokufa.

Siku hiyo kulikuwa na bi harusi mtarajiwa aliyeletwa na mama mkwe wake. Mennana alipomkaribia na sabuni nyeusi, mama mkwe alisogeza ndoo katikati yao.

"Huyu tutamsugua wenyewe," alisema. "Usichoke bure, dada."

"Sijachoka."

"Ana mkono mmoja wa kushonea, dada. Tunautaka hivyo hivyo ulivyo."

Maji yaliendelea kuanguka kwenye birika. Mennana aliokota ndoo yake, akanijia mimi, akaanza kunisugua mgongo uliokwisha kusuguliwa. Nilimwachia.

Baada ya hapo akawa hana kipimo. Asubuhi alimkanda Shama kabla ya kazi. Adhuhuri alimwingiza chumba cha moto cha hamamu, wanawake wakishaondoka na wanaume hawajaingia, akamkanda tena. Magharibi mara ya tatu. Alimpeleka Moulay Yacoub, kwenye chemchemi ya maji ya moto yanayonuka kiberiti, nami nikaenda nao kushika mifuko. Ndani ya maji yale vidole vilianza kulegea. Kimoja, kingine, cha tatu. Kiganja cha Shama kikaonekana, cheupe, chenye alama nne za kucha. Mennana alikishika kama mtu aliyeshika yai. "Unaona?" aliniambia. "Kimo ndani, kinataka kutoka." Tulipofika kwenye kibanda cha kubadilishia nguo, upepo ukampiga Shama, vidole vikarudi kimoja kimoja mahali pake. Mama yake alivitazama vikirudi. Alimfunga taulo, akatafuta kiatu chake muda mrefu, na kiatu kilikuwa mguuni.

Zilibaki siku kumi na moja turudi kwa daktari. Asubuhi moja nilisikia chini sauti ambayo si pumzi. Nikashuka. Mennana alikuwa amekandamiza kigasha cha bintiye kwa goti, kama anavyofanya kwa akina Hajja, na kwa mikono miwili anavuta kidole cha shahada.

"Mama, niache."

"Kidogo tu. Vumilia, mwanangu, maumivu yana..."

"Ndivyo ulivyosema siku ile uliponifunga."

Mennana akaachia. Shama aliuweka mkono wake chini ya kwapa, akajisogeza mpaka ukutani. Hakupandisha sauti. "Usiniguse tena," alisema. "Ukatike ukitaka kukatika. Lakini wewe usiniguse."

Siku ya kwanza tulidhani ni hasira. Siku ya pili Mennana alipasha mafuta, akapaka sikioni, akamwita. Shama akajifunika blanketi. Siku ya tatu, Mennana alipanda ngazi mpaka chumbani kwangu, mahali ambapo hakuwahi kufika. Alitazama vitabu vyangu vilivyopangwa sakafuni, akakaa pembeni yavyo bila kuvigusa.

"Kila siku akikaa hivyo, viungo vinaganda," alisema. "Unalijua hilo. Wewe ndiye uliyenisomea."

"Ndiyo, Lalla."

"Nenda wewe."

Nilimwonyesha mikono yangu. Ni mikono ya kufungua kurasa. Hata mkate mimi hukanda vibaya.

"Nimeiona," alisema. "Atakupa, kwa sababu hukuwahi kumwumiza. Mimi nitakaa nyuma ya pazia, nitakuambia."

Shama alinipa. Aliunyoosha mkono bila kunitazama, kama mtu anayempa mwingine mzigo. Nilipoushika mara ya kwanza nilitaka kuuachia, kwa jinsi ulivyokuwa mgumu na baridi, na jinsi mapigo ya damu yalivyokuwa ndani yake hata hivyo. Nyuma ya pazia Mennana alianza kusema, polepole, kama anayesoma.

"Inamisha kwanza kifundo. Uinamishe zaidi, vidole vitalegea vyenyewe. Umefika? Sasa cha mwisho. Usivute. Shika, ungoje. Akishusha pumzi, nenda naye. Umevuta. Nimekusikia umevuta."

Hakuwa akitusikia sisi. Alikuwa akisikia pumzi za bintiye, na kwa pumzi zile alijua mkono wangu uko wapi.

"Mwambie asizungumze," Shama aliniambia.

Mennana akanyamaza. Baadaye akawa anagonga sakafu kwa kidole: mara moja, ngoja; mara mbili, endelea. Shama alilikubali hilo. Kwa siku nane tulifanya hivyo, asubuhi, adhuhuri na magharibi, mimi na Shama upande huu, na upande ule kile kidole kikigonga. Siku ya tano vidole vitatu vya mwisho vilinyooka hali kifundo kimesimama, nikasema kwa sauti, "Vimefunguka." Pazia lilitikisika. Mkono wa Mennana ulitokea chini yake, ukapapasa hewani, ukarudi ndani.

Gumba na kidole cha shahada havikusogea. Nilimwambia ukweli huo kila jioni, na kila jioni aliniuliza kama nilikuwa nimepasha mafuta vizuri.

Daktari aliushika mkono wa Shama chini ya taa. Alifungua kidole cha mwisho, akafungua cha pili, akafungua cha kati, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akajaribu gumba. Akajaribu kidole cha shahada mara tatu, kutoka pande mbalimbali, akaviacha. Aliniambia, na mimi nikawaambia wao, kwamba atapasua. Shama ataweza kushika bilauri, kubeba ndoo, kufungua mlango. Sindano hataweza kuishika. Kama kile kitambaa kingefunguliwa siku mbili tatu mapema, vidole hivyo viwili vikapata damu, pengine.

Maneno hayo ya mwisho sikutaka kuyafasiri. Lakini Shama alikuwa amesoma shule ya kutosha. Alisema, kwa Kifaransa, "Nimeelewa," akatoka na muuguzi kwenda kupigwa picha ya mfupa.

Tulibaki kwenye benchi la korido, mimi na Lalla Mennana. Mbele yetu mtu alikuwa akipiga deki, akaomba tuinue miguu, tukainua. Mikono ya Mennana ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, wekundu wa mvuke ukiwa haujawahi kutoka. Miezi yote ile nilikuwa nimembebea mifuko, nimemsomea karatasi, nimemkandia mwanawe, na sijawahi kumwuliza kitu. Mimi si mtu wa kuuliza. Lakini yale maneno ya daktari kuhusu siku mbili tatu yalikuwa yameketi katikati yetu, na mmoja wetu alipaswa kuyaondoa.

"Lalla," nikasema, "siku zile sita, hukujua?"

Hakugeuka.

"Siku ya tatu nilijua," alisema. "Nilichukua mkasi, nikaushika. Majirani walikuwa uani. Nikaona watasema binti wa Mouloud hajui kufunga mkono. Nikaurudisha."