Meneja Amesusa Chakula

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ana ugonjwa mmoja usio na dawa: akiona uzi unaning'inia, lazima auvute. Amevuta nyuzi za mashati yangu tangu nianze kutembea. Amevuta za watu asiowajua kabisa, kwenye foleni ya benki, kutoka nyuma, kimyakimya, na mwenye shati akigeuka yeye anatazama dari.

Tangu mumewe afariki anaishi chumba cha nyuma ya duka lake pamoja na paka dume, mnene, wa kijivu. Anamwita Meneja, kwa sababu hafanyi kazi yoyote na anashinda juu ya meza akiwakodolea macho wateja. Huyo ndiye anayeambiwa kila kitu: nani kaongezeka kiuno, nani anaapa kwamba hajaongezeka, na mimi nitaoa lini.

Juzi nilipopita dukani, Meneja hakuwepo mezani.

"Amesusa," shangazi alisema, pini zikiwa mdomoni. "Nilimfokea kwa kulala juu ya koti la mwalimu mkuu. Sasa ananifanyia jeuri, chakula hagusi. Nimemwomba radhi mpaka naona aibu."

"Shangazi, paka hasusi namna hiyo."

"Wewe unamjua kuliko mimi? Marehemu naye alikuwa hivyohivyo. Ukimkosea, anahamia chumba kingine."

Niliinama chini ya meza ya kukatia nguo. Meneja alikuwa amejikunyata kwenye kona ya mwisho, nyuma ya mabaki ya vitambaa. Manyoya yake, ambayo siku zote huyalamba kama mtu anayekwenda kupiga picha, yalikuwa yamesimama ovyo. Mate yalimtoka, na kando yake palikuwa na matapishi, povu tupu. Nilipomgusa tumbo alitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwake.

"Huyu hajanuna," nikasema. "Huyu anaumwa."

Shangazi akatema pini zote. Alimvuta nje taratibu, akampakata, akamfunua mdomo kama anavyofanya akimpa dawa ya minyoo. Hapo sote tukauona: uzi mweupe, umejizungusha chini ya ulimi, na sehemu iliyobaki imeshuka kooni.

Mkono wake ulikwenda wenyewe. Niliudaka hewani, nikaung'ang'ania, na kwa mkono wangu wa pili nikampigia daktari wa mifugo. Sikuwa nimemaliza hata kueleza.

"Msivute!" daktari alipaza sauti kwenye simu. "Huo uzi umeshafika kwenye utumbo. Ukivuta huku, unamkata kule. Mleteni sasa hivi!"

Kwenye teksi nilipakata kikapu mimi. Shangazi alikalia mikono yake. Mbele yetu, kwenye kola ya dereva, kulikuwa na uzi mrefu unacheza na upepo, na shangazi hakuuona kabisa. Ndipo nilipojua anaogopa kiasi gani.

"Muda wote huo anaumwa," alisema, "na mimi namwambia aache maringo."

Nilitaka kumtania, nikashindwa.

Meneja alipasuliwa jioni hiyohiyo. Daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, alitoka akifuta mikono. "Uzi umetoka wote. Ila sitasema amepona mpaka ale mwenyewe. Na siku nyingine, paka akijificha, akiacha kula na kujilamba, usimbembeleze nyumbani. Mlete."

Shangazi, ambaye hajawahi kukubali kukosolewa na mtu yeyote, akasema, "Sawa, daktari."

Asubuhi tulimkuta Meneja kwenye kizimba, tumbo limenyolewa, amekaa kama amevuliwa cheo. Kibakuli kilikuwa mbele yake, kimejaa. Shangazi alichuchumaa, akaweka paji la uso kwenye nondo.

"Sikiliza," alimwambia. "Mimi nimeshazika mmoja. Usinifanyie hivyo na wewe."

Meneja alimtazama. Akageuza uso pembeni, kwa dharau zote. Kisha akashusha kichwa, akanusa kibakuli, akalamba. Akalamba tena.

Simu ya shangazi ikaita. Alikuwa mteja, sauti juu, anauliza nguo yake iko wapi na kwa nini duka limefungwa asubuhi yote.

"Subiri kidogo, mwanangu," shangazi alinong'ona, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. "Kuna mtu wangu hapa anakula."