Picha Iliyotoka Dirishani

Mkanda wa video wa harusi ya kwanza niliyoipiga niliutazama mara kumi na moja, na kila mara niliona kosa jipya. Bibi harusi amekatwa utosi. Mama yake anatoka kwenye picha midomo ikiwa bado wazi. Na picha yote inaruka, kwa sababu nilitembea na kamera begani na kila hatua yangu imo mle ndani. Wenye harusi walifurahi sana. Mimi niliwakwepa njiani kwa wiki mbili, nikiogopa wasije wakaanza kuona ninachokiona.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Mji Mkongwe. Shughuli ya kinamama kwetu hufanywa ndani, na huko ndani mabuibui yanavuliwa, nywele zinafunuliwa, watu wanavaa watakavyo na kucheza watakavyo, kwa kuwa hakuna mwanamme. Mpiga video mwanamme haingii. Ndiyo maana mimi, niliyejifundisha kamera kwa kijitabu chake na kamusi, nilipata kazi. Kabla ya kila shughuli nilimpa mama wa bibi harusi ahadi moja: hakuna jicho la mwanamme litakaloona, na kaseti ataondoka nayo yeye, bila ya nakala. Kamera walikuwa nazo wengi. Mimi nilifunguliwa milango na ahadi ile.

Ili picha itulie nilijitengenezea chombo baada ya kuona mfano wake katika gazeti moja la kizungu: bomba la chuma, kamera juu, vipande vya madini ya risasi chini kwa uzito, na katikati kishikio kinachocheza kila upande. Nilikiita mizani. Ukikishika vizuri, kamera inaelea kama haina mtu. Taabu ni kwamba ukikishika huwezi kuweka jicho kwenye kamera, maana iko usawa wa kifua na ukiigusa tu inayumba. Nilikuwa nikipiga kwa kukisia, na mimi kukisia kunanipa homa.

Nilimwendea kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Tulilelewa nyumba moja. Alikuwa fundi wa redio na televisheni, na duka lake lilikuwa uchochoro wa pili kutoka kwetu. Bomba la mizani ndiye aliyelichomea. Nilimwamini kama ninavyouamini mkono wangu wa kulia.

Tulijaribu kwanza kioo kidogo cha televisheni ya gari, nikakifunga juu ya mizani. Kilikuwa kizito, na betri yake nzito zaidi. Nikaongeza risasi chini, mkono ukafa ganzi kwa dakika tano. Tukajaribu waya mrefu mpaka kwenye televisheni ndogo ya betri, ambayo shoga yangu angeishika pembeni na kunipa ishara kwa mkono: juu, chini, sogea. Picha ilikuwa safi. Lakini waya ulivuta mizani upande, na katika harusi moja ya mtaa wa Malindi ulimwangusha shangazi mtu mzima pamoja na sinia ya halua.

"Basi tuirushe hewani," kaka akasema.

Alikuwa na vidude viwili, vyote vimeletwa na baharia kutoka Dubai. Kimoja kilikuja na kisanduku chake cha kupokelea. Cha pili kilikuwa kidogo kama kiberiti, hakina kisanduku. Kilirusha picha moja kwa moja kwenye televisheni ya kawaida, ikaonekana kama stesheni nyengine. Siku ya kuvijaribu alitupeleka Mangapwani, kwenye shamba la jamaa, ati mjini kuna mawimbi mengi yatatuchanganya. Chenye kisanduku kilikatika kila mtu alipopita mbele yangu. Kile kidogo hakikukatika hata mara moja. Nilizunguka minazi mpaka jasho likanichuruzika, na shoga yangu akapiga kelele kutoka kivulini: "Kama maji! Shoga, picha kama maji!"

Hapa ndipo ninapotaka kusema kweli, kwa sababu nimeisimulia habari hii mara nyingi na mara nyingi hapa nimeparuka. Kile kidude kilikuwa na karatasi yake. Niliisoma na kamusi, kama ninavyosoma kila kitu. Iliandikwa kwamba picha itapokelewa na televisheni yoyote iliyo karibu.

Nilimuuliza. "Kaka, hii inasema televisheni yoyote."

"Yoyote utakayoifunga kwenye namba yake. Mimi nimeifunga yako tu. Nani mwengine anaijua namba?"

"Una hakika?"

"Wee! Miaka kumi na tano nafungua televisheni, leo nifundishwe na karatasi?"

Nilikuwa na hofu ya kila kitu, lakini nilikuwa na tamaa kubwa zaidi ya ile picha isiyokatika. Nikachagua kuamini.

Shughuli ya kwanza kukitumia ilikuwa baada ya sala ya alasiri, ghorofa ya pili, hatua chache kutoka dukani kwa kaka. Mama wa bibi harusi alinipokea mlangoni.

"Ahadi ile ile, mwanangu?"

"Ile ile, Bi."

Sijawahi kupiga vizuri kama siku ile. Shoga yangu alikaa pembeni na televisheni mapajani, kidole chake kikiniongoza, nami nikaelea baina ya wachezaji kama nisiye na miguu. Kulikuwa na dada mmoja mwenye gauni la kijani, mabega wazi, nywele mpaka kiunoni. Nilimzunguka duara zima bila ya kutikisika, na moyoni nikasema alhamdulillahi, leo hakuna kosa.

Ndipo nikavutwa mkono na bibi wa nyumba ya pili. Alikuwa ameingia sasa hivi, na buibui lake hajalivua.

"Mwanangu, kizime hicho kitu chako."

"Kitu gani, Bi?"

"Jina lake silijui. Nilikuwa natafuta stesheni, nikamwona huyu wa kijani anakatika kiuno kwenye televisheni yangu. Nikadhani nshapata wazimu. Nikenda dirishani, ngoma naisikia kwenu, na nyuma yangu naisikia pia." Akasogeza mdomo sikioni. "Na huko chini kwa kakako wanapiga miluzi kama wao ndio waloalikwa."

Nilikizima palepale. Kosa jengine hilo: kwa kukizima niliwapa habari. Nilishuka mbio, buibui limekaa upande, na nilipofika nilikuta mabenchi mawili yameelekezwa kwenye televisheni kubwa inayoonyesha chenga tupu, chupa sita za soda, na kaka peke yake akikoroga tumbo la redio kwa bisibisi.

"Karibu, dada. Shughuli imekwisha?"

"Walikuwa nani?"

"Kina nani?"

"Chupa sita, kaka."

"Nina kiu."

"Uliniambia televisheni yangu tu."

Akaweka bisibisi chini. "Mimi nilikuwa natazama picha, sitazami watu. Fundi lazima aione kazi yake. Wenzangu walipita tu, wakakaa. Ningewafukuza?" Kisha akatabasamu, tabasamu lile lile la siku zote. "Lakini ulivyomzunguka yule wa kijani! Haikutikisika hata unywele. Mashaallah."

Na kwa muda mfupi kuliko pumzi moja, nilifurahi. Nimemsamehe kaka mambo mengi tangu siku ile, lakini ile furaha yangu sijaweza kujisamehe.

Bibi wa nyumba ya pili aliniambia yeye hana mdomo, na najua asingesema. Ningeweza kumkabidhi mama wa bibi harusi kaseti yake na kwenda zangu. Nilisubiri wageni waondoke, nikamweleza yote, pamoja na ile karatasi. Alikuwa amekaa kwenye kitanda, kaseti mkononi. Alinisikiliza bila ya kunikatiza.

"Kaseti ninayo hii," akasema mwisho. "Na ile nyengine uloirusha dirishani, ntaipata wapi?"

Akaiweka kaseti juu ya mto.

"Waliokuja kwangu leo ni dhamana yangu. Kila mmoja lazima nimwendee kwake nimwambie nani kamwona. Na kesho wanaume wanamleta bwana harusi hapa. Kama nduguze walikuwemo mle dukani, nataka nijue kabla sijawafungulia mlango. Niletee majina, mwanangu. Ukiniletea majina, ntasema kwa watu kwamba ulidanganywa, na nyumba za watu utaingia. Usiponiletea, ntasema ulivyofanya tu."

Asubuhi nilimkuta kaka akifungua mabati ya duka. Sikumgombeza. Nilimwomba. Nilimwambia hakuna atakayejua majina yametoka kwake, nikamwambia ndiyo kazi yangu hiyo, sina nyengine, nikamkumbusha nyumba tuliyolelewa. Alisikiliza huku akipangusa vumbi kwenye redio za watu. Aliniona nalia, na naye macho yalimjaa maji. Hilo nalisema kwa haki yake.

"Dada, wallahi nakuonea huruma. Lakini siwezi."

"Kwa nini?"

"Watu walikaa kwangu wakaniamini. Niende nikawataje? Nitakuwa mtu gani mimi?"

Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anajua kabisa maana ya kutunza siri ya mtu. Uaminifu alikuwa nao wote, ila amewapa wao.

Nilipanda ngazi za mama wa bibi harusi mikono mitupu na kumweleza maneno yale kama yalivyo. Alikuwa anakunja kanga. Akaikunja mpaka mwisho.

"Hataki kumtaja hata mmoja?"

"Hataki, Bi."

"Basi wote waliona."

Sikuwepo alasiri ile. Shoga yangu, ambaye bado waliruhusu aingie, ndiye aliyenihadithia. Anasema mama alisimama juu ya ngazi amejifunika, macho tu nje, na wanaume wakapanda mmoja mmoja: bwana harusi, nduguze, maami zake, majirani, hata na kaka zake mama mwenyewe, wa kuzaliwa nao. Mama alimtazama usoni kila aliyefika, kwa muda, kama anayesoma. Walipomtolea salamu aliitika. Mkono hakumpa hata mmoja wao, wala hao kaka zake.