Nchi Ambayo Fondo Hakuikanyaga

Dorcas alikuwa mwalimu katika kijiji cha misheni cha Frere Town huko pwani, mjukuu wa watu waliokombolewa utumwani, na Kiingereza alikijua vyema. Ndiyo maana mwaka 1943 ofisi moja ya serikali ilimletea kijitabu akitie katika Kiswahili: mwongozo wa askari waendao vitani Burma. Maji yachemshwe. Miruba ikiganda mwilini kunyonya damu isivutwe kwa nguvu, itachana ngozi. Mtu asiingie hekaluni na viatu. Dorcas hakuwa amevuka hata Voi, lakini aliandika kana kwamba katoka huko jana.

Miongoni mwa askari waliopewa kijitabu hicho alikuwamo Fondo wa Utange, mwana wa pekee wa mjane Nyevu. Aliondoka Januari ya 1944. Wiki ile ile mama yake akapiga hodi kwa Dorcas.

"Mwalimu, nasikia nchi aliyokwenda mwanangu imo kitabuni mwako. Nisomee."

Akamsomea. Nyevu akarudi Jumapili iliyofuata baada ya ibada, na nyingine, na nyingine. Haukupita muda akawa anaijua mito yote kwa majina. Huku anasonga sima alisema peke yake, "Sasa Fondo yuko kwenye mvua." Siku moja akauliza, "Na mihogo je, iko?"

Kitabuni hamkuwa na mihogo. Dorcas alimtazama usoni, moyo ukamlegea.

"Iko, mama. Mashamba mazima."

Tangu hapo kila Jumapili alimwongezea kitu: kisima cha maji baridi, mwanamke mwema anayewapa askari samaki.

Mwezi wa Mei Nyevu alikuja siku ya kazi, ameshika barua aliyoletewa na mtu wa chifu. Alikuwa anacheka, akidhani imetoka kwa mwanawe. Dorcas akaifungua mlangoni mwa darasa. Meli iliyowachukua akina Fondo ilikuwa imezamishwa na adui tangu Februari, ikiwa bado safarini. Fondo hakuonekana.

"Soma basi."

"Kaa kwanza, mama."

"Soma, nimesimama."

Akasoma. Nyevu akaichukua barua mkononi mwake.

"Februari," akasema. "Basi hakuikanyaga ile nchi. Jumapili zote zile mimi natembea naye, naye yuko chini ya maji."

Dorcas alipiga magoti. "Nisamehe. Ile mihogo niliitunga mimi. Na yule mwanamke pia."

"Nilijua, mwanangu. Juma hili mwanamke wako alikuwa mjane, juma lile ana mume. Nilinyamaza ili uendelee."

Hapo ndipo Nyevu alipokaa chini. Ukelele alioupiga uliwatoa wanafunzi wote nje.

Matanga yalikaliwa Utange bila maiti. Vita vilipokwisha, ofisi ile ile ilimletea Dorcas kazi nyingine, mwongozo wa askari wanaorudi makwao. Aliirudisha bila kuifungua, na hakutafsiri tena kitu chochote maishani mwake.

Askari walipoanza kurudi, Nyevu alimwomba amsindikize Miritini, kwa Lewa, kijana aliyerudi kutoka Burma akichechemea. Walikaribishwa ukumbini. Nyevu akamuuliza nchi ile ikoje.

Lewa alifikiri sana. "Matope, mama. Nilichokiona mimi ni matope tu."

Nyevu akaitikia kwa kichwa, akamshukuru, akaomba maji ya kunywa; habari ya mihogo hakuiuliza. Njiani kurudi alimshika Dorcas mkono, wakaenda hivyo mpaka Utange.